Bustani ya masika huandaliwa juani: mwongozo wa mboga na viungo vya nyumbani kwa watu wa Pwani

Mvua za kwanza za Machi zikidondoka, kila mtu mtaani anakumbuka jembe. Kwa mwenye bustani huo ni muda wa kupanda tu, si wa kuanza kulima. Kazi nzito za masika, yaani kung'oa magugu ya ndago, kuozesha samadi, kuinua matuta na kusia miche, ni za Januari na Februari, upepo wa kaskazi ukiwa bado unavuma na jua linachoma kisogo. Ukizisogeza hadi mvua ianze, utakuwa unalima tope na kupanda magugu.

Nimeandika kwa kufuata kalenda ya ukanda wenye vuli na masika: Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Unguja na Pemba. Ndugu wa Mombasa na Kilifi wanaweza kusogeza tarehe mbele kwa wiki chache, maana kwao mvua hukolea Mei. Walio Dodoma, Songea au Mtwara wana msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo hatua ni hizihizi ila zianze Septemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutangaza mwelekeo wa masika kabla ya msimu, kwa kila kanda, na inataja lini mvua zinatarajiwa kuanza. Usikilize kabla hujapanga tarehe za kitalu.

Hatua ya 1: Chagua mahali, na usidanganywe na jua la Januari

Mboga nyingi zinataka jua la saa sita au zaidi kwa siku. Wengi wanatembea uani Januari, wanaona pembe inayowaka jua tangu asubuhi, wanaweka tuta hapo, na kufika Mei mboga zimerefuka kama vijiti bila majani. Sababu iko juu angani. Januari jua la mchana huwa upande wetu wa kusini, kwa hiyo ukuta unatupa kivuli kaskazini. Mwanzoni mwa Machi jua linapita utosini hapa Dar, kisha linahamia kaskazini na kubaki huko hadi mapema Oktoba. Kivuli nacho kinahamia upande wa pili. Fensi ya mita 2.5 itatupa kivuli cha karibu mita moja na nusu upande wake wa kusini saa sita ya mchana mwezi Juni, hata kama Januari pale pale palikuwa tanuri.

Kwa hiyo tuta la mchicha, bamia na biringanya liweke upande wa kaskazini wa nyumba au fensi, au kama huna budi kuliweka kusini, lisogeze mita mbili kutoka ukutani. Ule mkanda wa kivuli usiutupe. Tangawizi, manjano na mnanaa vitakaa hapo bila manung'uniko.

Mambo mengine ya mahali ni mepesi. Kaa mbali na karo la choo na mfereji wa maji machafu, hata kama mchicha wa pale unanawiri kupita kiasi. Usilime chini ya mwembe, mizizi yake itakunywa maji na kula samadi yako yote. Na maji ya bati yasiyo na gata yanachimba shimo kila mvua, kwa hiyo tuta likae angalau mita moja kutoka usawa wa paa.

Hatua ya 2: Ujue udongo wako

Lowesha konzi moja ya udongo, ukamue. Ukifungua mkono ukasambaratika, una kichanga, na sehemu kubwa ya Kigamboni, Bagamoyo na Mbagala ni hivyo. Ukifanyika donge ambalo unaweza kulisokota likawa pete bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Donge likikaa lakini linamung'unyika ukiligusa kwa kidole, shukuru Mungu, huo ni tifutifu.

Kisha chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha jaza tena. Maji ya mara ya pili yakibaki zaidi ya saa nne, eneo lako linatuama na hatua ya matuta usiifanyie utani. Kichanga kina shida ya upande wa pili: hakishiki maji wala chakula, na mvua ya Aprili inashusha mbolea chini kuliko mizizi inakofika. Ndiyo maana kwenye kichanga mbolea hutolewa kidogo kidogo mara nyingi, na samadi ndiyo msingi wa yote.

Hatua ya 3: Ndago

Hapa sitapita haraka, kwa sababu ndago ndiyo inayowakatisha watu tamaa na bustani kuliko wadudu wote.

Vuta jani la ndago. Linakatika, unaona umemaliza. Sasa chimba pale pale taratibu. Utakuta kiazi kidogo cheusi, kigumu, kinachotoa harufu kali ukikipasua. Kina uzi mwembamba kama waya unaokwenda kwenye kiazi kingine, na hicho kwenye kingine, baadhi vikiwa sentimita 20 chini na zaidi. Vikiwa vimeunganishwa, vingi vinalala. Ukipiga jembe la kawaida unazikata zile nyuzi, na kila kiazi kilichobaki peke yake kinaamka na kuchipua. Mtu analima mara tatu mfululizo na anashangaa ndago zinaongezeka. Ni yeye anazizalisha.

Adui wa kiazi cha ndago ni kukauka, na kukauka kunapatikana wakati wa kaskazi tu. Fanya hivi:

Kama ardhi imekakamaa, mwagilia jioni ya kuamkia kazi ili ilegee. Tumia jembe la meno, ukiingiza hadi chini na kunyanyua badala ya kukata. Pasua madonge kwa mkono, okota viazi na nyuzi zake, weka kwenye ndoo. Acha udongo uliopinduliwa wazi juani kwa wiki mbili. Vilivyobaki vitachipua au vitakauka. Pindua tena, okota tena. Ukipata nafasi ya mzunguko wa tatu kabla ya Machi, umepunguza vita sana, ingawa huwezi kusema umemaliza. Kilichomo ndani ya ndoo kianike kwenye saruji au bati hadi kikatike kwa mkono kama kuni, halafu choma. Kamwe usikipeleke kwenye mboji.

Kama mwaka jana biringanya au bamia zako zilidumaa, na ulipong'oa ukakuta mizizi ina vinundu vinundu, una minyoofundo. Baada ya kulima, sawazisha udongo, umwagilie uloe vizuri, kisha utandaze nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, ukifukia kingo zake kwa udongo ili mvuke usitoke. Wiki nne hadi sita za jua la Januari na Februari zitapika tabaka la juu na kuua minyoo mingi pamoja na mbegu za magugu. Kwa ndago nailoni haitoshi, usiitegemee.

Hatua ya 4: Samadi na mboji

Samadi mbichi inaunguza mizizi na inakuja na mbegu za magugu. Pia ina vijidudu vya tumbo, na hilo ni jambo la kufikiria kwa majani yanayoliwa mabichi kama giligilani na nanaa. Kwa hiyo inunue mapema. Kirikuu kimoja (kigari kidogo cha mizigo) cha samadi ya ng'ombe kinatosha nyumba mbili, changieni na jirani.

Irundike mahali penye kivuli, rundo lisipungue mita moja kwa kila upande, maana rundo dogo halipati joto. Ilowane kiasi kwamba ukiikamua inatoa matone machache, si kuchuruzika. Funika kwa makuti au nailoni. Chomeka kijiti kirefu katikati na ukiache humo. Baada ya siku nne au tano kivute na ukishike: kikiwa cha moto na kibichi, kazi inaendelea, kikiwa kikavu, ongeza maji, kikiwa cha baridi na kinanuka vibaya, maji yamezidi, pindua. Pindua kila wiki mbili. Kuiva kunachukua miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo iliyo safi kabisa ni ile uliyoanza Desemba. Iliyoiva ni nyeusi, ya baridi, inanukia udongo wa msituni, na huwezi kutambua ilikuwa nyasi au kinyesi.

Samadi ya kuku ina nguvu zaidi na inataka adabu. Ile ya mabanda ya kuku wa nyama imejaa maranda, ambayo yanaoza polepole na yakiingia kabla ya kuoza yananyang'anya mimea chakula. Ichanganye na majani mabichi kwenye rundo, usiiweke moja kwa moja.

Taka za jikoni zinaingia pia: maganda ya ndizi na mihogo, majani ya chai, mabaki ya mboga. Machicha ya nazi yanafaa lakini yafukiwe katikati ya rundo, la sivyo umewaita panya na siafu wa mtaa mzima. Mifupa, samaki na wali vikae nje.

Kiasi: kwa kichanga ambacho hakijawahi kulimwa, weka ndoo moja ya lita 20 ya samadi ya ng'ombe iliyoiva kwa kila mita moja ya mraba. Ya kuku, theluthi ya hapo. Changanya na udongo wa juu, sentimita 20 hivi, wiki mbili kabla ya kupanda. Chenga za mkaa zilizobaki stoo nazo zitupie humo, zinasaidia kichanga kushika unyevu. Majivu yawe kiganja tu kwa kila hatua ya tuta. Wengi wanayamwaga kwa ndoo na kuuharibu udongo.

Hatua ya 5: Inua matuta

Kiangazi tunalima kwenye matuta ya kuzama ili maji yasitukimbie. Masika ni kinyume chake. Tuta liinuke sentimita 25 hadi 30, liwe na upana wa mita moja ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga, na urefu wowote utakaotosha uwanja. Njia kati ya tuta na tuta iwe sentimita 40 au 50, na iwe na mteremko mdogo unaopeleka maji kwenye mfereji mmoja wa kutokea. Mfereji huo usielekeze kwa jirani; ugomvi wa maji ya mvua ni mgumu kuumaliza.

Mtu anayeona nazidisha akumbuke 2024, Rufiji ilivyofurika Aprili na kimbunga Hidaya kilivyoingia mwanzoni mwa Mei. Huwezi kuizuia mvua ya namna ile, ila mboga zilizo juu ya tuta zinapona mvua za kawaida ambazo zinaozesha zilizo chini.

Kingo zishikilie kwa matofali yaliyobaki ujenzini au mawe. Vipande vya mnazi vinapendeza ila vinaleta mchwa. Asiye na uwanja atumie viroba vya kilo 50 na ndoo zilizopasuka, mradi vitobolewe chini matundu ya kutosha.

Hatua ya 6: Mbegu na kitalu

Mbegu za dukani ziwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya uthibiti wa mbegu, na uangalie tarehe. Pakiti iliyokaa dirishani juani wiki nzima usiichukue hata kwa punguzo. Za zamani nyumbani zipime kwanza: weka mbegu kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, tia kwenye mfuko. Zikichipua saba au zaidi, panda kawaida. Zikichipua nne, mwaga nyingi zaidi. Chini ya hapo, zitupe.

Nyanya chungu, biringanya, pilipili mbuzi na hoho zinakaa kitaluni wiki nne hadi sita, kwa hiyo zisiwe zimechelewa kusiwa zaidi ya katikati ya Februari. Makopo ya mtindi au chupa za maji zilizokatwa na kutobolewa zinatosha. Udongo wake ni makopo mawili ya udongo wa juu, moja la mboji iliyochekechwa, moja la mchanga. Weka mbegu kina cha nusu sentimita, funika kwa nyasi kavu hadi zitokeze, na jenga kichanja chenye makuti juu yake kiasi cha mita moja, maana jua la Februari linakausha mche kwa mchana mmoja. Mwagilia asubuhi kwa chombo chenye matundu madogo. Wiki ya mwisho punguza makuti na maji, mche uzoee shida kabla ya kuhamishwa.

Nyanya za kawaida usizianze sasa. Mvua na joto vinaleta ukungu wa bakajani, na mwenye bustani ya nyumbani atajikuta anapiga dawa kila wiki juu ya mboga za watoto wake. Nyanya zisubiri kipupwe.

Hatua ya 7: Viungo

Tangawizi na manjano ni vya kuanza navyo, kwa sababu vinataka miezi minane hadi kumi ardhini na masika ndiyo yanayovisukuma. Katikati ya Februari chagua sokoni tangawizi nono zenye macho yaliyovimba, zikate vipande vya sentimita 4 hivi vyenye jicho moja au mawili, ziache majeraha yakauke siku mbili, kisha zilaze kwenye boksi la mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Zikichipua ziko tayari kwa mvua. Panda kina cha sentimita 5, umbali wa sentimita 25.

Mchaichai omba shina kwa jirani, hakuna anayeuza kitu hicho kwa moyo mmoja. Kata majani yabaki kiganja kimoja, panda mvua ikianza, na upe nafasi ya karibu mita moja maana utatanuka. Unafaa sana ukingoni mwa mfereji, mizizi yake inashika udongo. Mrehani unashika kwa vijiti vilivyowekwa kwenye glasi ya maji hadi vitoe mizizi. Mnanaa upande kwenye ndoo, usiuweke kwenye tuta. Ukitoroka utatawala uwanja.

Giligilani, au kotmiri kwa watu wa Unguja, inakosa raha kwenye joto la Machi na inakimbilia kutoa maua. Ihifadhi hadi Juni. Siku hiyo ikifika, visugue vidonge vyake taratibu kwa kiganja vigawanyike, kwa sababu kila kimoja kina mbegu mbili ndani.

Hatua ya 8: Mvua imekuja

Mvua ya kwanza mara nyingi ni ya kudanganya: inapiga siku mbili, kisha jua kali la wiki nzima. Chimba kwa kidole. Unyevu ukifika kiganja kizima chini, na mawingu bado yapo, panda.

Anza na vinavyovumilia. Matembele chukua kwa mama wa genge kabla hajayachambua, yakiwa na vikonyo. Kata vipande vya sentimita 30, fukia vifundo viwili au vitatu, na baada ya wiki tano hivi unachuma. Kunde na bamia panda moja kwa moja, bamia ikiwa imelowekwa usiku kucha. Maboga kwa ajili ya majani yape kona ya kutambaa.

Mchicha changanya na mchanga mkavu ili mbegu zisirundikane, mwaga kwenye mistari yenye umbali wa sentimita 20, funika kwa udongo mwembamba kabisa, kisha tandaza nyasi chache. Bila nyasi hizo mvua moja ya kishindo itazisomba mbegu zote hadi njiani. Zikitokeza, siku ya nne au ya tano, ondoa nyasi jioni. Rudia mstari mpya kila wiki mbili, ndipo utakula bila kukatiza.

Miche ihamishe jioni au siku ya mawingu. Biringanya na nyanya chungu zinataka sentimita 60 kati ya mche na mche, pilipili 45. Wiki tatu baadaye toa samadi ya maji: loweka kiroba kidogo cha samadi iliyoiva kwenye pipa kwa siku kumi, uipunguze makali kwa maji, mwagilia shinani bila kugusa majani. Kwenye kichanga rudia kila wiki mbili, na zaidi pale mvua kubwa inapopita.

Hatua ya 9: Walaji wengine

Konokono wakubwa wanatoka usiku baada ya mvua na wanaweza kumaliza mstari wa miche kabla ya alfajiri. Majivu na chumvi havina maana kwenye mvua, na chumvi inaua udongo. Laza ubao au kipande cha gunia kando ya tuta; asubuhi wamejificha chini yake, wakusanye ukiwa umevaa glovu au mfuko mkononi.

Vidukari chini ya majani ya bamia na kunde wapige kwa mwarobaini: gramu 50 za kokwa zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, ziloweke usiku mmoja, chuja, tia sabuni kidogo ya maji. Piga jioni, jua linaivunja dawa hii, na mvua ikinyesha usiku huo rudia. Kuku dawa yao ni wavu. Wengine wanaahidi kuwafunga. Mimi ninanunua wavu.

Mei ikielekea ukingoni

Mvua zikianza kupungua, sia kitalu cha nyanya mahali penye paa, ili miche itoke Juni hewa ikiwa imepoa. Mwezi huohuo panda giligilani, chainizi na spinachi pale ulipovuna mchicha, na kunde zilizozeeka zikate usawa wa ardhi bila kung'oa, mizizi ibaki kuulisha udongo. Funika matuta kwa nyasi nene kuliko ulivyofanya Machi, kwa sababu kuanzia hapo shida yako itakuwa maji kukauka. Na nyanya zikishatulia, kagua majani kila asubuhi kama yana mistari myeupe ya kantangaze, kiwavi wa nyanya ambaye anapenda ukame kuliko mvua. Jani lenye mistari lichume na ulichome siku hiyohiyo.